Kontrola ya Umeme wa Jua kwa Gari la Chama: Mambo Tuliyoyaona Ihembe



Katika mkutano uliopita wengi wenu mliuliza kwa nini Kamati inataka kununua kontrola mpya ya umeme wa jua kwa ajili ya gari la chama, ilhali gari lina kontrola tayari na paneli zake mbili ni nzima. Swali hilo ni la haki, maana fedha zitakazotumika ni zenu. Tena twajua kuwa baadhi yenu mmeshaweka paneli kwenye kambi za kuchumia karafuu, na wengine kwenye vyombo vya bahari, na haya tutakayoyasema yatawafaa ninyi pia. Kwa hiyo tumeona ni bora tulieleze jambo hili kwa kirefu kabla ya mkutano ujao, ili kila mtu aje akiwa na lake la kusema.

Gari lenyewe mnalijua. Ni Haisi iliyogeuzwa kuwa gari la kulala: ina kitanda, jiko la gesi, friji ndogo ya volti 12, feni, taa, na mahali pa kuchajia simu na mizani yetu ya umeme. Juu ya paa zimefungwa paneli mbili za wati 250 kila moja, na chini ya kitanda zipo betri mbili za maji za ampea-saa 100 kila moja. Chama kililinunua likiwa na vitu vyote hivyo, pamoja na kontrola, kisanduku cha buluu kilichoandikwa MPPT kwa herufi kubwa.

Gari hilo lilipita Dodoma, Singida, Nzega na Kahama hadi wilaya ya Karagwe, mkoa wa Kagera, kuonana na wakulima wa kahawa, na kwa siku 11 lilisimama Ihembe. Ihembe ni nchi ya vilima, migomba na mibuni imechanganyika, na nyumba nyingi zimejificha ndani ya migomba, mbali na nguzo za TANESCO. Paneli juu ya bati si jambo la kustaajabisha huko. Wenyeji wetu huanika kahawa yao kama sisi tunavyoanika karafuu, na kama sisi huishi kwa kutazama mbingu. Tofauti ni kwamba wao hawana neno mpeta, ingawa hasara ya mavuno kulowa wanaijua vizuri sana.

Tulifika katika mvua za vuli. Siku mbili za kwanza mambo yalikwenda. Usiku wa tatu, yapata saa nane, friji ikazima, na feni nayo ikazima muda mchache baadaye. Asubuhi jua likatoka kidogo, friji ikawaka, na usiku ikazima tena. Mmoja wetu ana ugonjwa wa sukari, na ndani ya friji hiyo ilikuwamo akiba yake ya insulini, dawa ambayo ikiwa haijafunguliwa yapasa kukaa baina ya nyuzi 2 na 8 za joto. Ikabidi tumwombe jirani mwenye friji atuwekee. Alikubali kwa moyo mweupe, na twamshukuru, lakini gari lililonunuliwa ili watu wasafiri bila kumsumbua mtu lilikuwa limeshindwa kazi yake.

Fikra ya kwanza ya kila mtu ilikuwa kwamba mawingu ndiyo yaliyoharibu. Wengine wakasema betri zimechoka. Fundi mmoja kijana wa hapo Ihembe hakukubali hata moja mpaka apime, na alivyopima ndivyo twataka kila mwanachama ajue, kwani kipimo chenyewe hakihitaji zaidi ya mita ya kawaida na ile mita ya kubana waya.

Alingoja hadi saa sita mchana jua lilipotoka wazi, na betri zikiwa bado na njaa. Akapima volti mahali waya za paneli zinapoingia kwenye kontrola: 13.2. Akapima mahali waya za betri zinapotoka: 13.0. Kisha akabana waya wa paneli, akapata ampea 15.6. Akabana waya wa betri, akapata ampea 15.6 vilevile. Akacheka, akasema kisanduku hiki jina lake si lake.

Ili kufahamu alichokiona, hapana budi tueleze kontrola ni nini. Ni kifaa kinachokaa kati ya paneli na betri, na kazi yake ya kwanza ni kuzuia betri isijazwe kupita kiasi. Paneli haijui kuwa betri imeshiba. Jua likiwaka itaendelea kusukuma mpaka maji ya betri yachemke na kukauka. Jirani zetu wa Kenya walilipia somo hili. Huko umeme wa jua ulianza kuenea katika nyumba za shamba tangu miaka ya 1980, sehemu za Meru zikiwa miongoni mwa za mwanzo, na watu wengi waliokuwa na paneli ndogo waliziunga na betri moja kwa moja ili kuokoa bei ya kontrola. Betri zao zilikufa mapema.

Sasa kontrola ziko za namna mbili, na herufi zake huandikwa juu ya kisanduku: PWM na MPPT. Ile ya PWM ni kama mlango unaofunguliwa na kufungwa upesi upesi. Ukifunguka, paneli na betri huwa kitu kimoja, na volti za paneli hushuka mpaka zilingane na za betri. Ile ya MPPT ni kama mtu wa kuvunja noti. Paneli humpa volti nyingi na ampea chache, naye huzibadilisha ziwe volti zinazotakiwa na betri na ampea nyingi zaidi, akibakiza ujira mdogo tu wa kazi yake. PWM haina chenji: unampa 31, anachukua 13, na zilizobaki zinapotea.

Na paneli zetu ndizo hasa za 31. Hizi ni paneli za nyumba, zenye vyumba 60 vya silikoni, ambazo hufanya kazi vizuri zikiwa kwenye volti 31 hivi na ampea 8. Zidisha, utapata karibu wati 250. Ukiziunga kwa kontrola ya PWM kwenye betri ya volti 12, ampea hubaki zile zile 8 lakini volti hushuka hadi 13, na wati 250 huwa 105. Paneli mbili hutoa 210. Chama kimebeba juu ya paa paneli za wati 500 na kutumia pungufu ya nusu yake, siku zote, hata jua la Chwaka likiwa linapasua kichwa.

Ndiyo maana kipimo cha yule kijana kilikuwa na maana. Kontrola ya MPPT iliyo ya kweli, betri zikiwa na njaa, lazima volti za upande wa paneli ziwe juu kuliko za betri, na ampea zinazotoka ziwe nyingi kuliko zinazoingia. Zikiwa sawasawa pande zote mbili, basi ni PWM hata kama kimeandikwa neno jingine kwa dhahabu. Visanduku vya namna hii vimejaa madukani, bara na visiwani. Dalili nyingine ni uzito: MPPT ya kweli ina koili kubwa ya shaba ndani na bati nene la kutolea joto mgongoni, na ukiishika mkononi waona uzito. Kisanduku chepesi kama kopo tupu kisiaminiwe.

Tufanye hesabu ya matumizi, kwa sababu wapo waliosema tupunguze matumizi badala ya kununua. Friji hula kama ampea-saa 40 kwa siku. Feni ya ampea 2 kwa saa 8 ni 16. Taa, simu na mizani tuzihesabu 11. Jumla 67. Ama mapato, jua lote la siku, asubuhi hadi jioni, mafundi hulipima kama kwamba ni saa chache za jua kamili, nasi kwa tahadhari tumechukua 4. Kwa kontrola ya sasa, ampea 16 mara saa 4 ni 64. Yaani hata siku njema gari linakula kidogo zaidi ya linachopata, na siku ya mawingu, mapato yakiwa nusu, hupungukiwa ampea-saa 35. Betri za maji hazitaki kushushwa chini ya nusu, na nusu ya 200 ni 100. Gawanya mwenyewe: ni siku tatu. Friji ilizima usiku wa tatu.

Kwa kontrola ya MPPT, tukikubali kwamba joto la paa litapunguza paneli mpaka wati 420 hivi, betri zitapata kama ampea 32, na kwa saa 4 ni 128. Siku ya mawingu ni 64. Haitoshi sawasawa, lakini upungufu wa ampea-saa 3 ni feni kuzimwa saa moja na nusu mapema. Hilo twaliweza.

Tulipoomba bei tuliletewa za kontrola tatu. Hatuandiki bei zenyewe hapa kwa sababu hupanda na kushuka na dola. Karatasi zipo kwa katibu. Ya kwanza ni ndugu wa kile kisanduku cha buluu, na ni rahisi mno. Tumeikataa. Ya tatu ni kubwa, inapokea volti 250 kutoka kwenye paneli na kutoa ampea 70, na ni nzuri kwa skuli au kiwanda cha maji. Kwa gari letu ni kama kukodi jahazi kupeleka kikapu kimoja cha embe. Tunayoipendekeza ni ya katikati, MPPT ya volti 100 na ampea 40.

Namba hizi mbili wanachama wazijue, kwani huandikwa ubavuni mwa kila kontrola na wauzaji wengi huzipita haraka. Namba ya volti ni kiasi cha juu kabisa cha volti za paneli ambacho kontrola inaweza kukistahamili. Hapo huhesabiwi volti 31 za kazini bali volti za paneli ikiwa haijaungwa na kitu, ambazo kwa paneli kama zetu ni 38. Ukiziunga mbili kwa mfululizo ni 76. Yupo muuzaji aliyetushauri kontrola ndogo yenye namba 75/15, maana yake volti 75 na ampea 15, akisema volti moja si kitu. Volti moja hapa ni kitu, na zaidi ya kitu. Paneli ikipoa volti zake hupanda, kama sehemu 3 kwa 1,000 kwa kila nyuzi moja ya joto iliyo chini ya 25. Ihembe iko juu ya vilima, na alfajiri twaweza kupata nyuzi 12. Volti 76 huwa 79 jua la kwanza linapozipiga, na kontrola ya volti 75 huungua siku hiyo hiyo. Tena kuungua kwa namna hii hakulipwi na dhamana yoyote. Hapa Unguja paneli ile ile ingekaa ukingoni kwa muda, mpaka safari ya kwanza ya bara.

Namba ya ampea ni kiasi kontrola inachoweza kuipa betri. Kwa MPPT, gawa wati za paneli kwa volti za betri: 500 kwa 12 ni karibu 42. Kontrola nzuri ikizidiwa kidogo hujizuia yenyewe, kwa hiyo 40 yatosha. Tena betri za maji hazipendi kujazwa kwa ampea zaidi ya sehemu moja ya tano ya ukubwa wake, na moja ya tano ya 200 ni hiyo 40. Kwa PWM hesabu ni nyingine: jumlisha ampea za juu kabisa zilizoandikwa mgongoni mwa paneli, kisha ongeza robo.

Mtu asije akasoma haya akaitupa PWM yake. Kama kambini una paneli moja ya wati 100, ile ndogo yenye vyumba 36 inayofanya kazi kwenye volti 18, na betri moja ya volti 12 kwa taa na simu wakati wa kuchuma, PWM nzuri ya ampea 10 yatosha kabisa. Tofauti kati ya 18 na 13 si kubwa, na paa likipata joto huwa ndogo zaidi. Fedha utakayookoa nunulia betri bora.

Jambo la betri lina mashaka yake. Kila namna ya betri ina volti zake za kushiba, na kontrola lazima iambiwe ni betri gani imepewa. Betri ya maji hutaka kama 14.4 hadi 14.8, ya jeli 14.1 hadi 14.4, na hizi mpya za lithiamu za kundi la fosfeti ya chuma 14.2 hadi 14.6. Betri ya maji huhitaji mara moja moja kuchemshwa kidogo kwa volti zaidi ya 15 ili maji yake yachanganyike. Ukifanya hivyo kwa jeli au lithiamu umeiua. Kile kisanduku cha zamani hakina mahali pa kuchagua. Wapo kati yenu wanaotaka chama kinunue lithiamu siku za mbele, nasi hatupingi, ndiyo maana tumetaka kontrola yenye kubadilishwa namna ya betri.

Joto nalo lina neno. Betri ya maji ikiwa na joto hutaka volti chache zaidi, kama sehemu 24 za elfu ya volti kwa kila nyuzi juu ya 25. Chini ya kitanda cha Haisi iliyoachwa juani bandarini Malindi nyuzi 40 si ajabu, na hapo 14.4 yapasa kushuka hadi 14 na kidogo, la sivyo maji hukauka. Kontrola tunayoipendekeza ina waya mdogo wa kupimia joto unaobandikwa ubavuni mwa betri. Fundi asiufunge ukutani kwa kuwa tu ndiko ulikofika.

Kazi ya kufunga itagharimu kidogo juu ya bei, kwani waya za sasa ni nyembamba. Kontrola iko mlangoni na betri ziko nyuma, na kwa ampea 40 waya wa milimita mraba 6, kwenda na kurudi meta 4, hupoteza karibu nusu volti. Kontrola hudhani betri imeshiba kumbe bado. Tumeamua isogezwe karibu na betri na itumiwe waya ya milimita mraba 16, ambayo haitapoteza hata moja ya tano ya volti. Fyuzi ya ampea 60 iwekwe karibu kabisa na betri. Waya usio na fyuzi ukichubuka ndani ya gari lenye mtungi wa gesi na mtu amelala, hatuna haja ya kusema zaidi. Inveta, ikiwa siku moja itanunuliwa, iungwe na betri yenyewe kwa fyuzi yake, isiungwe kwenye tundu la kontrola lililochorwa taa, kwa kuwa tundu hilo halina nguvu hizo.

Mmoja alitaka kujua kama umeme wa injini gari linapotembea waweza kupitishwa katika kontrola hiyo hiyo. Hapana. Kontrola ya jua imetengenezwa kwa paneli. Injini hutaka kifaa chake cha kati, na hicho hakimo katika maombi yetu ya mwaka huu.

Wenye vyombo vya bahari wazingatie chumvi kuliko yote haya: kontrola iliyofungika, mbali na maji ya ngama, na vichwa vya waya vipakwe grisi. Anayetafuta fundi wa Unguja asiwasahau wanawake waliofunzwa umeme wa jua katika kituo cha Kinyasini. Wana mita, na hupima kabla ya kusema.

Wapo watakaosema umeme wa waya umeshafika hadi mashambani, jua la nini. Unguja huletewa umeme chini ya bahari tangu 1980, na Pemba tangu 2010 kutoka Tanga. Lakini waliokuwapo Unguja tangu Desemba 2009 hadi Machi 2010, waya ulipoharibika na kisiwa kikakaa gizani miezi mitatu, hawahitaji kukumbushwa. Kagera nayo kwa miaka mingi ilipata umeme wake kwa kuununua Uganda. Na gari, hata hivyo, halina waya popote linapolala.

Maombi ya fedha yatasomwa katika mkutano ujao, na kura itapigwa kwa mikono kama kawaida. Kontrola ya zamani tutaifungua wiki hii. Fundi atatoa waya za paneli kwanza ndipo za betri, na siku ya kufunga mpya ataanza na betri ndipo paneli, kwani kontrola inayopata jua kabla ya betri huweza kuharibika hapo hapo. Anayetaka kuiona ilivyo tupu ndani aje ofisini asubuhi, siku yoyote isipokuwa Ijumaa. Mita ya kubana ipo pia, na mwanachama anaweza kuiazima kwa siku mbili kwa kuandika jina lake katika daftari.